Banjo ya nyuzi nne kwa nyimbo za kidumbaki: uzoefu wangu

Kwa wenye haraka: banjo ya nyuzi nne inafaa kujifunzia nyimbo za kidumbaki (muziki wa harusi wa Zanzibar, wenye ngoma ndogo za dumbaki), tena kuliko gitaa. Kwa taarab asilia, ile ya ala za nyuzi za udi na kanuni, haifai. Weka pesa ununue fidla.

Yangu ni ya mtumba, ngozi yake ya plastiki. Niliiagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni Dar es Salaam kwa laki tatu na nusu, ikavuka na boti. Hakusema kwamba vigingi viwili vya kukazia nyuzi vinateleza, na nilipompigia akawa hapokei simu. Fundi wa magitaa Mwanakwerekwe alivikaza, yakaisha.

Ilifika daraja, kile kijiti kinachoinua nyuzi, limelala juu ya ngozi. Usiende kutafuta gundi! Daraja la banjo halibandikwi, linashikiliwa na nyuzi zenyewe. Hesabu vile vichuma vya shingoni mpaka cha 12. Kutoka mwanzo wa shingo hadi hapo, na kutoka hapo hadi darajani, urefu uwe mmoja. Kisha sikiliza: uguse uzi kidogo tu juu ya kichuma hicho, halafu uubane hapohapo. Sauti mbili zikipishana, lisogeze daraja taratibu hadi zikubaliane.

Nyuzi zilikuja kwa mpango wa do, sol, re, la. Mimi nikataka sol, re, la, mi, yaani mpango wa fidla, ila chini kwa oktava moja. Hapo uzi wa sol lazima uwe mnene, unene wa kama milimita moja, la sivyo unalegea na kukoroma. Kazi hiyo ilinilipa, maana anayenifundisha ni mzee wa Ng'ambo mpiga fidla wa kidumbaki: yeye anapiga, mimi natazama vidole vyake na kuviweka vyangu vivyo hivyo. Shingo ya banjo ni ndefu zaidi, kwa hiyo vidole vinatanuka mpaka vinauma.

Nilijaribu pia programu ya simu ya kulipia. Masomo yake ni ya banjo ya nyuzi tano, nyimbo za milimani Marekani. (Chombo chenyewe asili yake Afrika Magharibi, kilivuka bahari na watumwa, lakini kwenye programu husikii habari hiyo.) Ule uzi wa tano mfupi unalia noti moja muda wote, na wimbo wetu ukihama maqamu (mpangilio wa sauti) unakuwa kero. Nikaacha.

Mzee hanipi chombo kabla sijauimba wimbo, ubeti na kiitikio, huku napiga makofi. Nilipolalamika kwamba sauti inakatika upesi, hairefuki kama ya fidla, akasema: "Mwanangu, banjo hailii, inagonga. Basi gonga na dumbaki." Tangu hapo naacha fidla ibebe wimbo, mimi nafuata dumbaki na cherewa (manyanga ya kutikisa), noti fupi fupi, na sanduku, lile besi la uzi mmoja, linanguruma chini. Kwenye harusi, nyimbo zinapounganishwa bila kupumua, banjo inasikika hata uani.

Upungufu wake hauna dawa. Maqamu za Rast na Bayati zina sauti zinazokaa katikati ya kichuma na kichuma. Udi na fidla hazina vichuma, kidole kinakwenda kinapotaka. Kwenye banjo unabaki kuvuta uzi pembeni ukibahatisha. Hijazi inatoka vizuri, na nyimbo nyingi ninazofundishwa hazidai zaidi ya hapo. Ukitaka bashrafu, ile miziki ya taarab ya ala tupu bila kuimba, hiki si chombo chako.

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nimeikata kwa ajili ya nyuzi. Hewa ya chumvi inazila kwa kutu, kwa hivyo nazipangusa kila nikimaliza. Sokoni Darajani, hapa mjini, nimepata nyuzi za gitaa tu, lakini zinakubali: kile kipete cha shaba mwishoni kibane kwa koleo hadi kitoke, kinabaki kitanzi cha kutundika.