Ardour kwa kurekodi taarab: uzoefu wangu Lamu

Ardour ni programu huria ya kurekodia na kuchanganyia sauti. Naitumia kwenye laptopu yenye Ubuntu kurekodia udi, matari na waimbaji. Kwa ala zinazopigwa mbele ya maiki, sioni programu huria inayoifikia. Kwa kinanda, itafutie msaidizi.

Bei huwachanganya wengi. Msimbo ni wa bure, lakini programu iliyo tayari kwenye tovuti yao hulipiwa, na ile ya kujaribu hunyamaza baada ya dakika 10. Kwenye Ubuntu andika sudo apt install ardour. Utaipata kamili bila malipo, ingawa toleo huwa nyuma kidogo.

Sauti ikikatikakatika, usikimbilie kulaumu laptopu. Ili sauti ipewe kipaumbele, jiunge na kundi la audio kwenye Ubuntu, kisha hakikisha faili la /etc/security/limits.d/audio.conf lina mistari hii: @audio - rtprio 95, na @audio - memlock unlimited. Toka, uingie upya. Wakati wa kurekodi naweka 48000 Hz na bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya sampuli 128. Wakati wa kuchanganya napandisha hadi 1024, maana plagini (programu ndogo za kurekebisha sauti) ni nyingi, na hakuna anayeimba wa kusumbuliwa na ucheleweshaji. Mwimbaji akijisikia mara mbili kwenye hedifoni, nenda kwenye mapendeleo, kazi ya kumrudishia sauti yake uiachie intafesi yenyewe, yaani kifaa kinachounganisha maiki na laptopu.

Matari ndiyo yanayoharibu rekodi. Acha kilele kisipite -8 dB. Ardour huhifadhi kwa biti 32 za floti, lakini hilo halikuokoi: sauti hupasuka kwenye intafesi kabla haijaifikia programu.

Halafu chumba. Nyumba zetu za mawe zina vyumba vyembamba, kwa sababu upana hufuata urefu wa boriti. Chumba cha mita 2.8 huvuma karibu na 61 Hz, na besi ya udi uliofungwa C iko 65 Hz. Ukiikata kwa ACE EQ, plagini ya Ardour ya kupunguza au kuongeza masafa, umeukata na udi. Sogeza maiki, isikae ukutani wala katikati. Mngurumo wa 50 Hz ni jambo jingine, huo ni wa stima: chomoa chaja, rekodi kwa betri.

Sasa kinanda. Rast, maqamu (mpangilio wa noti) ya muziki wa Kiarabu, haipigiki kwenye vitufe 12 vya kawaida, kwa hiyo ndani ya Ardour nafungua Surge XT, kinanda cha programu ambacho nacho ni huria, na kuipa faili la .scl, lenye kupanga noti. Mstari wa kwanza ni maelezo, wa pili ni 12, kisha senti (100 ni nusu toni), kila moja kwenye mstari wake: 100.0, 200.0, 300.0, 350.0, 500.0, 600.0, 700.0, 800.0, 900.0, 1000.0, 1050.0, 1200.0. Hapo E na B zinashuka robo toni. Usiache nukta: ukiandika 350 tupu, itasomwa kuwa ni uwiano wa 350 kwa 1, na kitufe hicho kitaruka oktava nane na zaidi.