Rimu 18 kwenye Subaru yenye Brembo, duka la Shauri Moyo, Dar, nalipa maksi tano kwa tano

Wakuu, nimezunguka wiki tatu natafuta rimu na nusura niharibiwe breki, kwahiyo naandika hii ili mwenye gari kama yangu asipite nilikopita. Gari ni Impreza WRX STI ya 2005, ile yenye breki za Brembo za dhahabu, diski za mbele milimita 326. Rimu za kiwandani ni inchi 17, moja ikapinda kwenye shimo kule Goba, nikasema basi nipande 18 kabisa.

Nilianzia Kariakoo, duka silitaji. Nikauliza zinaingia kwenye Brembo hizi? Jamaa akanijibu "bosi hii ni 18, breki gani itagoma, PCD yako 114 na hizi 114". PCD ni kipenyo cha duara la matundu ya nati, kwa milimita. Nikatoa advansi laki tatu. Gari ikapigwa jeki, rimu ikakaa kwenye stadi (zile boliti za habu) vizuri tu, kijana akaanza kufunga nati, nati ikaenda mizunguko miwili ikagoma, akatafuta bomba la kuongezea urefu wa spana. Nikamwambia simama kwanza. Kumbe ni nati za Toyota, hatua ya uzi wake ni milimita 1.5, stadi za Subaru ni 1.25, angekaza pale stadi ingeliwa uzi wote. Tukaweka nati zangu, tukazungusha tairi, haizunguki. Spoki imelalia kalipa, kile chombo kinachobana diski. Fundi akaenda kuchukua grainda aje asage kalipa, yani kalipa ya breki! Nilimshika mkono. Wakabadilisha wimbo, eti tuweke spesa (vipande vya kusogeza rimu nje) milimita 15 za kuchomeka tu, na stadi zangu ni zilezile fupi za kiwandani, sasa nati itashika wapi? Nikaondoka, advansi nimerudishiwa nusu na mpaka leo inaniuma.

Inchi inakwambia ukubwa wa duara basi. Inatosha kujua kwamba 16 kwa kawaida haipiti kwenye breki zile, lakini kalipa ya Brembo ya mbele ina pistoni mbilimbili kila upande na imetokeza kuja nje, kwahiyo inayoamua ni spoki imejipinda vipi ikitoka katikati, pamoja na ile ET, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapokaa kwenye habu. Unaweza kukuta rimu mbili zote 18 kwa 8 (duara kwa upana, inchi), ET ileile, moja inapita nyingine inagusa. Na nyie wenye STI ya 2004 kurudi nyuma PCD yenu ni 100, msinunue kwa kuangalia picha ya gari ya mwenzio.

Sasa Shauri Moyo. Duka dogo halina jina mlangoni, limeandikwa RIMU NA TAIRI kwa rangi ya bluu. Mzee nilimwamkia, akaitikia, hakutaja bei wala hakuniuliza nina shilingi ngapi, akaniambia "mwanangu, toa tairi kwanza nione kalipa". Akakata boksi la maji likafuata umbo la kalipa, akalipitisha ndani ya rimu moja baada ya nyingine, tatu akazirudisha ukutani palepale. Ya nne, Enkei za mtumba kutoka Japani, 18 kwa 8 ET48, akabandika udongo wa watoto wa kufinyangia juu ya kalipa sehemu iliyotokeza zaidi, akafunga rimu nati mbili, akazungusha taratibu kwa mkono, akafungua. Udongo umebanwa lakini haujakatika, akaupima na rula, milimita 5. Akaniambia chini ya 3 asingeniuzia. Akarudia nyuma pia maana STI nyuma nako ni Brembo, mafundi wengi huko hawahangaiki napo.

Tundu la kati la hizi Enkei ni kubwa kuliko milimita 56.1 ya Subaru, akaweka ringi za plastiki ili rimu ikae katikati sawasawa. Tairi akanishauri 225/40 (upana milimita 225, ukuta asilimia 40 ya upana), kimo kinatofautiana na ile 225/45 ya 17 kwa milimita 3 tu, spidi haikudanganyi. Nilitamani 19 kwa kweli, akanikatalia, akasema ukuta wa tairi umeshashuka kutoka milimita 101 mpaka 90, ukipunguza tena kwa mashimo yetu haya utarudi hapa kila mwezi. Nilimwelewa.

Kasoro ni moja. Siku ya pili Barabara ya Nyerere, napunguza mwendo kufika Tazara, nasikia krr krr mbele kushoto. Moyo ukadunda nikajua spoki. Nikarudi, mzee akafungua, kumbe ni vile virisasi vya balansi, kijana wake alivibandika ndani usawa wa kalipa, kimoja kimeshakwanguliwa mpaka kinang'aa. Alimgombeza kijana mbele yangu, akavihamishia nyuma zaidi, balansi upya, hakuchukua hata mia. Na akanisisitiza nikitembea kama kilomita 50 nipite wakaze nati tena, nikapita, mbili zilikubali robo mzunguko.

Seti imenitoka milioni moja na laki mbili bila tairi. Ukitaka kwenda nenda asubuhi kabla ya saa tatu, jua likishapanda pale nje hapafai kusimama, na ukifika mwambie kabisa gari ina Brembo, atachukua boksi mwenyewe.