Nilivyohamia GCC 10: imenitolea kosa moja, la pili imenyamaza

Programu yangu ya mizani inafanya kazi katika ghala moja la chai huku Shimanzi. Inasoma uzito wa gunia, inajumlisha, inatoa risiti. Nikiijenga kwenye Debian 10, toleo la mfumo wa Linux, sikupata hata onyo moja, nikajiona fundi.

Nilipopandisha mashine hadi Debian 11, ambayo ina GCC 10 (kompaila, yaani kifaa cha kugeuza msimbo wa C kuwa programu), linka, inayounganisha mafaili yaliyokompailiwa, iligoma: kigeu `jumla` kimefafanuliwa mara tano. Kweli, nilikuwa nimeandika `int jumla;` kwenye hedafaili, faili linaloingizwa ndani ya mengine, bila `extern`, neno linalosema kigeu kimefafanuliwa kwingine, na mafaili matano yanaisoma. GCC za zamani zilizitia `jumla` zote katika kapu la pamoja, "common", desturi ya tangu Fortran, na linka ikazifanya moja kimyakimya, ikifuata iliyo kubwa zaidi. Tangu toleo la 10, la mwaka 2020, kompaila inatumia `-fno-common`, yaani hakuna kapu, bila kuambiwa.

Mwenzangu akasema, "Shekhe, tia `-fcommon`, kapu lirudi, twende tukale." Nilitia, ikajengeka, nikaitoa. Uchafu ulikuwa wangu.

Lakini kati ya nyota tano za GCC 10, moja naikata. Baada ya usafi wote huo, risiti ikatoka kilo sifuri na gunia liko juu ya mizani, karani ananikodolea macho. Kumbe ni ugonjwa uleule wa zamani niliokuwa nikiulaumu waya! Maktaba ya mizani, faili ya .so inayounganishwa na programu inapoanza, ilikuwa na `jumla` yake. Programu kuu ikifungua risiti mpya inaweka sifuri kwenye `jumla` yake, na ya mizani inafutika hapohapo, kwa sababu jina likiwa pande zote mbili, la programu kuu ndilo linalotangulia. Kwa sheria za ELF, muundo wa mafaili ya programu kwenye Linux, hilo ni halali, kwa hiyo `-fno-common` haina la kusema. Nilipiga `nm -D`, inayoorodhesha majina yaliyo wazi kwa nje, kwenye programu, kisha kwenye maktaba: `B jumla` huku, `B jumla` kule. Asubuhi nzima imeliwa na jina moja.

Nikaifanya ya maktaba `static`, ijulikane ndani ya faili lake tu, nikaijenga maktaba upya kwa `-fvisibility=hidden`, inayoficha majina kwa nje, nikaacha wazi fanksheni tatu tu zinazoitwa kutoka nje. Sasa `nm -D` ya maktaba haionyeshi `jumla` tena.

Nyota nne kati ya tano. Karani, hata hivyo, bado anahesabu magunia kwa chaki ukutani.