Mashine ya Kukatia Nyama Nyumbani: Nimeijaribu kwa Sandwichi ya Kuchovya ya Chicago

Shemeji, sogeza kamera. Sogea tena. Hapo hapo, tulia. Haya jamani, mnaviona vidole vyangu? Nimeviweka nyuma ya nyama na bado mnaviona, kama mtu aliyejifunika mtandio. Hii ni nyama ya ng'ombe, mnofu wa paja, nimeuoka jana usiku na kuukata asubuhi hii hapa hapa jikoni kwangu. Kipande chembamba namna hii nimekihangaikia tangu mwezi wa tatu. Nimekata kwa kisu cha mkate, nimekata kwa kisu cha samaki kilichonolewa na fundi, nimeshika nyama iliyoganda nusu mpaka vidole vikafa ganzi. Leo nimekipata, na nina furaha kwelikweli.

Karibuni sana. Kama ndiyo mara yako ya kwanza kuniona, mimi niko Chicago mwaka wa sita sasa, nanunua vyombo vya jikoni kwa pesa yangu na kuwaambia ninachokiona. Mashine hii sikupewa na mtu. Nililipa dola 95, na wiki mbili baadaye wakaishusha hadi 79. Imeniuma, na nitalirudia hilo.

Habari za wati, uzito na rangi zimeandikwa kwenye boksi na kwenye kila duka, sitawachosha. Ina kisu cha duara cha sentimita 19 kinachozunguka kwa umeme, na kisahani kinachoteleza mbele na nyuma. Unaweka nyama, unasukuma, unarudisha. Basi.

Sasa kwa nini nihangaike na mashine nzima kwa ajili ya sandwichi? Kwa sababu sandwichi yenyewe ni ya hapa Chicago, na bila wembamba haipo. Wenyeji wanaiita Italian beef. Inavyosimuliwa, wahamiaji wa Kiitaliano walikuwa wakipata vile vipande vigumu vya nyama, wakavioka taratibu pamoja na mchuzi wake, wakavikata vyembamba sana ili nyama kidogo itoshe wageni wengi arusini. Nani kati yetu hajui hesabu hiyo? Kuna kibanda cha Al's kilichoanza mwaka 1938, na mpaka leo jina hilo lipo mjini.

Na ukifika dirishani lazima useme unaitaka vipi. Kavu, au yenye mchuzi kidogo, au ya kuzamishwa. Mimi ni wa kuzamishwa. Mpishi anaishika sandwichi yote kwa koleo, mkate na nyama, anaitumbukiza kwenye sufuria ya mchuzi, anaitoa inatiririka. Halafu hukai chini. Unasimama kaunta, viwiko vyote viwili mezani, miguu umeirudisha nyuma, ili mchuzi udondokee karatasi, shati lipone. Mara ya kwanza nilidhani watu wanaumwa migongo. Nilipoing'ata ndiyo nikaelewa.

Watu wa Los Angeles najua mtaandika. Ninyi mna yenu, French dip, na mna ugomvi wenu wa mikahawa miwili, Philippe the Original na Cole's: yote ilifunguliwa 1908, na kila mmoja umekuwa ukidai ndio ulioanza. Wa Philippe wanasimulia kwamba mwaka 1918 mkate uliponyoka ukaangukia kwenye mchuzi wa nyama, mteja akasema nipe hivyo hivyo. Nimeila, na ile haradali yao kali ni nzuri mno, inapanda mpaka puani. Lakini nyama niliyopewa ilikuwa nene kuliko ya huku, na mchuzi hauna oregano wala kitunguu saumu cha kutosha kwa ulimi wangu. Kwangu mimi Chicago inashinda.

Turudi mezani. Shemeji, njoo upande huu, nataka waone hiki kigurudumu.

Hiki ndicho kinachopima unene. Kinaanzia sifuri mpaka 15. Nakiweka kwenye sita kwanza. Sikilizeni sauti... Haya, hiki hapa. Ni kinene, kinasimama chenyewe mkononi, kinafaa kwa sahani yenye viazi. Sasa nne. Mnaona kimeanza kulala? Sasa mbili. Huu ni unene wa milimita moja hivi. Kinakunjika kama kitambaa. Na sasa moja na nusu... tazama, tazama! Kimeanguka kwenye sahani kikajikunja chenyewe. Nakichukua, nakiweka juu ya hii pakiti ya majani ya chai. Shemeji, soma maandishi. Amesoma! Ameyasoma kupitia nyama.

Ngoja niwaeleze kwa nini hili ni jambo kubwa. Nyama ya paja haina mafuta mengi, na nyuzi zake ni ndefu. Ukiikata nene unatafuna mpaka taya linauma. Ukiikata kwa kukingama nyuzi, kila uzi unabaki mfupi. Ukiikata nyembamba hivi, uzi unakuwa mfupi kiasi kwamba jino halina kazi. Nyama ya bei nafuu inakuwa laini bila kuilaza kwenye papai bichi, bila kuichemsha saa nne. Halafu vipande vyembamba vikilundikana vinaacha nafasi ndogo ndogo katikati, na mchuzi unakaa humo. Kipande kinene hakishiki mchuzi, unateleza juu yake na kuishia kwenye mkate.

Sharti lipo moja, nami nililivunja wiki iliyopita. Nyama iwe baridi. Niliitoa kwenye oveni, nikaipumzisha nusu saa, nikaipeleka kwenye kisu ingali moto. Ilichanika matambara. Mafuta yaliyeyuka, kisu kikawa kinaburuza badala ya kukata, na nusu ya kilo ikaishia kwenye chapati za kukunja siku iliyofuata. Ikilala kwenye friji usiku mzima, mafuta yanaganda, nyama inakaza, na unapata hivi mnavyoona. Kwa hiyo sandwichi hii ni ya siku mbili. Usimwahidi mgeni leo leo.

Wanaouliza nyama nimetoa wapi: bucha ya halali kule Devon Avenue, kilo mbili kasoro kidogo, dola 28. Nimeipaka chumvi, pilipili manga, oregano, mrehani mkavu na kitunguu saumu cha kuponda, nikaiweka juu ya wavu ndani ya trei, chini nikamimina vikombe sita vya maji na vitunguu viwili vilivyokatwa. Oveni nyuzijoto 150. Kila tone linalodondoka linaangukia kwenye maji, na huo ndio mchuzi wenyewe, hautengenezwi pembeni. Wizara ya Kilimo ya Marekani inasema kipande kizima cha ng'ombe kifike nyuzijoto 63 katikati, kisha kipumzike dakika 3. Mimi nakitoa kwenye 60, maana joto huendelea kupanda kikiwa mezani. Nunua kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama. Usikisie.

Mchuzi nimeuchuja, umelala kwenye friji, asubuhi nimeondoa mafuta yaliyoganda juu, nikabakiza kidogo kwa ladha. Sasa uko jikoni unafuka moshi. Hautokoti, na usitokote! Mchuzi ukichemka vile vipande vinajikunja na kuwa vigumu kama kamba, kazi yote ya mashine imepotea. Natumbukiza... moja, mbili, tatu... sekunde kama 30, natoa. Mkate ni ule mrefu wa Kiitaliano wenye ganda. Huku wanasifu wa kiwanda cha Turano na wa kiwanda cha Gonnella. Ukitumia ule mkate laini wa hotidogi utabaki na uji mkononi. Juu naweka giardiniera: karoti, koliflawa, selari na pilipili kali, zimewekwa siki kisha zikazamishwa kwenye mafuta. Watu wa Unguja, Mombasa na Maskati mtaielewa mara moja, ni jamaa wa karibu wa achari. Sasa koleo. Nazamisha yote.

Mmm. Subirini nimeze.

Nyama inayeyuka. Naapa inayeyuka. Chumvi imekaa, kitunguu saumu kimekaa, na mkate umelowa mpaka ndani ila ganda bado lina mshiko.

Sasa lazima niseme kilichonikera, na kimenikera sana: usafi wa mashine hii. Shemeji, zungusha kamera huku nyuma. Nimeshachomoa plagi, na ninyi chomoeni kabla hamjagusa kitu, kisu hiki hakina huruma. Vaeni na glovu ya kuzuia mikato. Haya, nakifungua kisu kwa skrubu hii. Tazameni kilichojificha nyuma yake. Mafuta, vipande vya nyama, maji maji. Yote haya kwa dakika kumi za kukata! Ukiiacha hivi mpaka kesho umeandaa ugonjwa. Halafu kuna huu ukingo wa plastiki, umeshindiliwa humo na hautoki, inabidi uingize kijiti chenye kitambaa na kusugua pande zote. Huwezi kuitia kwenye mashine ya kuoshea vyombo, alumini inafubaa na kutoa weusi. Jana nilitumia dakika 25 kuosha. Ishirini na tano! Kwa nini aliyeunda kigurudumu kizuri namna ile ashindwe kutengeneza ukingo unaochomoka? Nilishika boksi nikaenda nalo mpaka mlangoni nikairudishe. Kilichonizuia ni harufu ya ule mchuzi.

Jirani yangu ana ile ya bei ya chini, ya dola 60, yenye kisu cha meno kama msumeno. Nimeijaribu. Kwa mkate na jibini iko sawa, lakini kwa nyama nyembamba meno yanararua, na kigurudumu chake kinalegea chenyewe: unaanza na mbili, ukimaliza kilo uko kwenye tatu. Hii yangu haijasogea. Na mkisema niende dukani wanikatie, duka la mtaani kwetu hawakati nyama uliyoipika nyumbani.

Kwa hiyo? Kwa dola 95 na kero ile ya kuosha, nisingewaambia mnunue. Kwa 79, kama unaipika sandwichi hii mara mbili kwa mwezi na nyumba ina watu wengi, nunua. Kama ni mara moja kwa mwaka, weka nyama kwenye friza saa moja na nusu baada ya kulala baridi, kisha tumia kisu kirefu kikali, taratibu. Haitakuwa hivi, lakini itakaribia.

Jambo moja kubwa kwa mlioko nyumbani, kwa sababu wengi huwa mnaomba tuwatumie kwenye makontena. Mashine hii ni ya volti 120. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya 240. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, mota inaungua siku hiyo hiyo. Tafuteni iliyoandikwa 220 hadi 240, zipo, wala msikubali mtu awauzie hii kwa maneno matamu.

Habari za chaneli: wiki ijayo hakutakuwa na video, nimesubiri kipaza sauti kipya na bado hakijafika. Wiki itakayofuata ni vipimajoto vitatu vya nyama, nitavipima kwenye maji yanayochemka tuone kipi kinasema uongo. Aliyeomba mchuzi huu kwa nyama ya mbuzi, nimekusikia, nitaujaribu.

Shemeji, weka kamera hapo juu ya friji uje ule. Yako nimeizamisha mara mbili.