Uzoefu wangu na vikombe vya utando wa kukuzia seli

Kwa muda sasa nimekuwa nikikuza seli za Caco-2, ambazo asili yake ni saratani ya utumbo mpana wa binadamu, katika vikombe vidogo vya plastiki vyenye kitako cha utando wa matundu, vinavyoning'inia ndani ya visima vya sahani ya kukuzia. Seli hupata lishe kutoka juu na kutoka chini, zikajipanga kwa namna inayokaribia ukuta wa utumbo mwembamba, na mtafiti akaweza kupima kiasi cha dawa kilichovuka upande wa pili.

Nimetumia utando wa polikaboneti na wa poliesta, aina mbili za plastiki, zote zenye matundu ya maikromita 0.4, ambayo hupitisha dawa lakini hayapitishi seli. Anayechunguza seli zinazohama atahitaji matundu makubwa zaidi, aghalabu ya maikromita 8. Polikaboneti ina ukungu, na chini ya hadubini ya kawaida nilibaki kukisia iwapo seli zimefunika utando wote. Poliesta ni angavu, mipaka ya seli huonekana wazi, na kwangu hilo pekee linaipa ushindi, kwani seli hizi huchukua takriban siku 21 kukomaa na ni hasara kuligundua pengo mwishoni.

Kero kubwa ni viputo vya hewa vinavyonaswa chini ya utando. Kikombe kikishushwa kikiwa kimeinama kidogo, kiputo hutoroka pembeni; kikibaki, seli zilizo juu yake hukosa lishe ya upande wa chini. Wakati wa kubadilisha lishe huanza kunyonya ya chini, ndipo ya juu, na kujaza huanza na ya juu, ili shinikizo lisizibandue seli.

Ukinzani wa umeme wa tabaka la seli, unaoonyesha jinsi seli zilivyoshikana, hupimika kwa urahisi, mradi sahani iachwe kwanza ifikie joto la chumba, kwani kadiri inavyopoa ndivyo usomaji unavyopanda. Usomaji wa kikombe kisicho na seli hupunguzwa kutoka kwenye usomaji huo, kisha jibu huzidishwa kwa eneo la utando, ambalo kwa sahani yangu ya visima 12 ni sentimita za mraba 1.12.

Vikombe hivi hutumika mara moja tu na ni ghali kuliko sahani za kawaida, hivyo kwa kazi ya kuzalisha seli au kuvuna protini sivitumii kabisa.