Kulisha bakteria wenyeji au kuleta wageni?

Machi 24, 1989 meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba huko Alaska na kumwaga takriban lita milioni 40 za mafuta ghafi. Kwenye fukwe zile njia mbili za kusafisha kwa kutumia bakteria zilijaribiwa.

Ya kwanza ni kulisha wenyeji. Bakteria wanaokula mafuta walikuwepo tayari, na kaboni wanayo tele ndani ya mafuta hayo. Wanachokosa ni naitrojeni na fosforasi. Mbolea za Inipol na Customblen zilipowekwa, baadhi ya fukwe zilisafika haraka zaidi. Ila Inipol yenyewe ilikuwa na kiyeyusho chenye sumu, jambo lisilotajwa sana.

Ya pili ni kumwaga bakteria waliokuzwa maabara. Hii huuzika vizuri, lakini majaribio ya Alaska hayakuonyesha kwamba inaishinda mbolea. Wageni hukutana na baridi, chumvi na wenyeji waliozoea.

Kwa mafuta ya baharini, nachagua mbolea. Kwa maji ya ardhini yenye viyeyusho vya klorini, nabadili kauli: pasipo bakteria waitwao Dehalococcoides, uvunjaji wa viyeyusho hivyo mara nyingi hukwama kwenye kloridi ya vinili, inayosababisha saratani. Huko mgeni anahitajika.

Kwa kuwa uvunjaji unaweza kuacha sumu nyingine, kupima kiasi cha uchafu kilichobaki hakutoshi. Pima na sumu. Bakteria wa baharini Aliivibrio fischeri hung'aa, na mwanga wao hufifia ndani ya dakika chache sampuli ikiwa na sumu. Kwa udongo, weka nyungunyungu (minyoo wa ardhini) siku 14, kisha hesabu walio hai.