Kayaki na Matumbawe Mbudya: Huduma Nzuri Iliyopangiwa Saa Mbaya

Sisi wa Dodoma, ambao maji yetu makubwa ni bwawa la Hombolo na lile la Mtera, hatukuwa na desturi ya kwenda baharini Ijumaa na kurudi kazini Jumatatu, kwa kuwa basi peke yake lilikuwa likitumaliza kabla hatujafika. Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kufika Dodoma mwezi Julai 2024, hesabu hiyo imebadilika. Kwa nauli ya shilingi 31,000 na mwendo wa takriban saa 4, marafiki watano tuliondoka jioni baada ya kazi, tukaangalia mwezi mpevu ukipanda juu ya milima tulipokuwa tukikaribia Kilosa, na usiku huohuo tukalala katika nyumba ya wageni Kunduchi, Dar es Salaam. Mwezi ule tuliusifu sana, bila kujua kwamba ndio ungetuharibia asubuhi yetu.

Huduma tuliyonunua ilikuwa ya siku moja katika kisiwa cha Mbudya: boti ya kwenda na kurudi, kayaki, vifaa vya kuogelea juu ya matumbawe na chakula cha mchana. Kampuni sitaitaja, kwa sababu lengo langu si kumkosesha mtu riziki. Nitasema tu kwamba walijibu ujumbe wetu haraka na kufika ufukweni kabla yetu, ila hawakutuambia mapema kwamba kiingilio cha kisiwa hakikuwamo katika bei. Mbudya ni eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975, kwa hiyo kiingilio hicho ni halali kabisa. Kasoro ni kukisikia kwa mara ya kwanza ukiwa tayari umekunja suruali.

Vifaa vilikuwa vizuri kuliko tulivyotarajia. Kayaki zilikuwa za plastiki, za watu wawili, zile ambazo mtu hukaa juu yake badala ya kuingiza miguu ndani, na majaketi ya kujiokolea yalikuwa na mikanda mizima. Kijana aliyetuongoza alitufundisha kwa subira namna ya kutema mate kwenye kioo cha miwani, kuyasambaza kwa kidole na kusuuza ili kioo kisishike ukungu. Mwenzetu mwenye sharubu aliambiwa bila kufichwa kwamba miwani yake itavuja, na kweli ilivuja.

Tatizo lilikuwa saa. Kampuni huondoka Kunduchi saa 3 asubuhi kila Jumamosi, na saa 4 wateja wanatakiwa wawe juu ya mwamba. Mwezi ukiwa mpevu, bahari huwa katika bamvu, yaani maji hujaa na kutoka kuliko siku nyingine, na kwenye pwani ya Dar es Salaam maji ya bamvu hutoka kabisa karibu na saa 4 hiyohiyo, yakishuka zaidi ya mita 3 kutoka pale yalipojaa. Tulikuta maji ya magotini. Kayaki tuliziburuta, na mwenzetu aliyejifunza kupiga kasia kwenye mtumbwi kule Mtera, aliyekuwa amejitapa safari nzima, alikwama mara mbili ndani ya hatua ishirini. Kibaya zaidi, wawili kati yetu walisimama juu ya matumbawe kwa kukosa pa kuweka mguu, jambo ambalo kijana yule alikuwa ametukataza dakika chache kabla. Mmoja alirudi na goti lililochunika.

Nilimwendea nahodha, mtu mzima wa pale Kunduchi.

"Shikamoo mzee. Maji haya yatarudi?"

"Marahaba, mwanangu. Yatarudi. Ingekuwa shauri langu, mngekuja saa 7. Lakini mimi naendesha boti tu, ratiba wanapanga ofisini."

Ratiba ilitaka tuondoke saa 8. Tuliomba kubaki hadi saa 10, tukaongeza fedha, na ndipo safari yenyewe ilipoanza. Maji yaliyokuwa yakijaa yalikuja maangavu, mwamba ukazama kiasi cha kuelea juu yake bila kuugusa, na nilipotuliza pumzi nilisikia mlio mdogo wa kukwaruza, kama mtu anayekuna nazi chumba cha pili. Walikuwa samaki waitwao pono, wakitafuna matumbawe kwa midomo yao migumu. Kayaki nazo zilikwenda kama zilivyotengenezwa kwenda, tukafuata ukingo wa kisiwa hadi pale mibuyu inapoonekana juu ya miamba. Kwa mtu wa Dodoma, kuukuta mbuyu baharini ni kama kukutana na jirani ugenini.

Chakula kilikuwa samaki aina ya changu wa kukaanga, chipsi na kachumbari chini ya banda la makuti. Samaki alikuwa amevuliwa siku hiyohiyo. Chipsi zilikuwa zimepoa.

Naipa huduma hii nyota 3 kati ya 5, na ile ya 4 naizuia mpaka ofisi itakapopanga safari kwa kuangalia maji. Anayetaka kwenda na ratiba yao ilivyo sasa achague Jumamosi ambayo mwezi ni nusu, kwa kuwa siku hizo maji huwa mafu, yaani hayapandi wala kushuka sana, na hujaa karibu na saa 4 asubuhi. Sisi tumekwishahesabu siku, na tiketi za treni tutazikata baada ya mshahara.